Mwenye Hati ni Nani?

Wanadamu wamekubaliana tangu zamani kwamba elimu haipungui kwa kugawanywa. Mtu akimpa mwenzake nusu ya mkate wake hubaki na nusu. Akimpa elimu yake hubaki nayo yote, na pengine huzidi kwa maswali ya aliyepewa. Kwa sababu hii mnyimi wa elimu huhesabiwa kuwa mbaya kuliko mnyimi wa chakula, kwani wa chakula hunyima kitu ambacho akikitoa atakikosa, na wa elimu hunyima kitu ambacho hata akikitoa hatakikosa. Neno hili ni kweli wala sikusudii kulipinga. Walakini kweli ikiachwa bila mipaka hugeuzwa kisingizio, na katika insha hii nataka kuitafuta mipaka ya kweli hii. Swali langu ni fupi: mtu atoapo hati ya elimu isiyokuwa yake, ili naye apewe hati nyingine anayoitaka, je, amegawana elimu na wenziwe, au amefanya biashara kwa mali ya watu?

Swali hili sikulitoa katika vitabu. Nilikutana nalo Morogoro, mji ambamo nimefundisha Kiswahili kwa miaka mingi, na nilikutana nalo kwa njia iliyonitia aibu. Aibu hiyo nitaisimulia mahali pake. Chuo ninachofundisha sitakitaja, kwa sababu kosa nitakalolisimulia ni langu, na jina la chuo halitalipunguza wala kulizidisha.

Mgeni afikaye Morogoro huona kwanza milima ya Uluguru, iliyosimama kusini mwa mji na kufunikwa na mawingu asubuhi nyingi za mwaka. Akikaa siku chache huona jambo la pili, nalo ni wingi wa wanafunzi. Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine kilianzishwa hapa mwaka 1984, na kabla ya hapo kilikuwa kitivo cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Huko Mzumbe, katika njia ya Iringa, mafunzo ya watumishi wa serikali za mitaa yalianza mwaka 1953, na mwaka 2001 chuo cha mahali hapo kikawa chuo kikuu. Kipo pia Chuo Kikuu cha Waislamu cha Morogoro, na vipo vyuo vingine. Vijana hutoka pande zote za nchi wakaja kupanga vyumba mjini, wakisoma kwa mkopo wa serikali ambao wenyewe huuita bumu, na bumu likichelewa huishi kwa subira na chai ya rangi.

Kando ya malango ya vyuo yapo maduka madogo ya stesheneri yenye mashine za kutolea kopi. Maduka haya ni maktaba ya pili ya wanafunzi, na kwa wengine ni ya kwanza. Mwalimu huacha nakala moja ya maandishi yake kwa mwenye duka, naye huitia katika bahasha na kuandika jina la somo juu yake. Wanafunzi huja mmoja mmoja kutoa kopi. Mwanafunzi wa mwaka wa tatu humwachia wa mwaka wa kwanza madaftari yake na mitihani ya zamani, kama mkulima amwachiavyo mdogo wake jembe. Katika desturi hii sikupata kuona ubaya. Aliyetoa alijulikana, aliyepokea alijulikana, na fedha iliyolipwa ilikuwa bei ya karatasi na wino.

Kisha zikaja tovuti za ng'ambo za kuwekea hati za masomo. Course Hero ilianza Marekani mwaka 2006, Scribd ikafuata huko huko mwaka 2007, na Studocu ikatoka Uholanzi. Zipo nyingine nyingi, na kila moja ina taratibu zake, lakini desturi iliyoenea ni moja. Mwanafunzi hutafuta jambo katika simu yake; huonyeshwa kwamba hati anayoitaka ipo; hufunguliwa ukurasa mmoja au miwili asome; kurasa zilizobaki hufunikwa kwa ukungu. Hapo huambiwa achague njia moja kati ya mbili. Alipe kwa kadi ya benki, au kama hana kadi, apakie hati zake mwenyewe, na kwa malipo ya hati hizo mlango utafunguliwa. Hazina kubwa za tovuti hizi zimejengwa kwa njia hiyo, hati kwa hati, na mikono ya wanafunzi wa dunia nzima.

Watu wa Morogoro wamezipokea tovuti hizi kwa nyuso tatu. Wanafunzi wamezipokea kwa shangwe, na shangwe yao ina sababu. Mwanafunzi ambaye maktaba yake ina nakala mbili za kitabu kinachotakiwa na darasa zima, ambaye bei ya kitabu hicho dukani ingemla chakula cha wiki nyingi, anapoona kitabu hicho kikitoka katika simu yake usiku wa kuamkia mtihani, hawezi kukosa kushukuru. Walimu wengi wamezipokea kwa hasira. Husema kwamba zinafundisha uvivu, kwamba kijana hanakili tena kwa mkono wala hasomi kitabu mpaka mwisho, na kwamba kazi iliyoandikwa Nairobi huletwa Morogoro ikiwa na jina jipya. Hasira hiyo nayo ina sababu, ingawa si zote zinazosemwa kwa sauti. Wamo miongoni mwetu ambao maandishi yao hayakubadilika kwa miaka kumi, na mtihani wao ni ule ule. Mtu wa namna hii huogopa tovuti kama mwenye nguo moja aogopavyo mvua. Uso wa tatu ni wa watu wa mjini. Mwenye duka la kopi hulalamika kwamba bahasha zake zinavaa vumbi. Mzazi, yeye huona tu kwamba mtoto wake ameshika simu mchana na usiku, na akiambiwa kwamba anasoma, huamini kwa sababu anataka kuamini.

Kabla ya kutoa hukumu, haki inatutaka tuwasikilize wanaotetea jambo hili, maana hoja zao si dhaifu. Husema kwanza kwamba kunakili kwa ajili ya kusoma kumetetewa hata mahakamani. Mwaka 2012 wachapishaji wakubwa, wakiwamo Oxford na Cambridge, walishitaki duka moja dogo la kopi lililokuwa ndani ya eneo la Chuo Kikuu cha Delhi huko Uhindi, kwa kuwa liliwatolea wanafunzi sehemu za vitabu vyao. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ya Delhi iliamua kwamba kunakili kwa ajili ya mafundisho hakukuvunja haki ya wenye vitabu, na mwaka 2017 wachapishaji wakaiondoa kesi yao. Nilipoisoma habari hiyo nilifurahi, nikaona kwamba mwenye duka wetu wa bahasha amepata wakili Uhindi bila ya kulipa.

Husema pili kwamba elimu ya Waswahili wenyewe iliishi kwa kunakiliwa. Hili nalo ni kweli. Tenzi nyingi tunazozisoma leo zisingetufikia kama wasingekuwapo watu waliokaa chini, wakachovya kalamu na kuandika upya maneno ya marehemu. Muhamadi Kijuma wa Lamu, aliyefariki mwaka 1945, aliwanakilia wataalamu wa Ulaya tenzi nyingi kwa herufi za Kiarabu, na kazi za mkono wake zimehifadhiwa hata leo katika maktaba za London na Ujerumani. Kijuma alilipwa kwa kazi yake, wala hatumwiti mwizi, twamshukuru.

Lakini angalia, ndugu msomaji, jinsi kazi ya mnakili wa zamani ilivyokuwa. Jina la mtungaji alipolijua alilihifadhi, na mara nyingi mtungaji mwenyewe alikuwa amelifunga ndani ya beti za mwisho lisipate kupotea. Mnakili aliweka aghalabu na jina lake mwenyewe mwishoni, pamoja na tarehe, ili kama amekosea, kosa lihesabiwe kwake. Fedha aliyopokea ilikuwa ujira wa mkono na macho yake. Aliponakili utenzi hakumzuia mwenye utenzi asiusome. Na duka la Delhi vilevile halikumtaka mwanafunzi alete kitabu cha mwenziwe ndipo apate kopi. Basi mifano hii miwili inatetea kunakili, nami naitetea pamoja nayo. Sijui kama inatetea kubadilishana vitu vya wengine. Sasa niisimulie aibu yangu.

Miaka michache iliyopita tuliletewa kesi ya mwanafunzi mmoja wa mwaka wa mwisho, binti kutoka Mgeta, katika milima ya Uluguru. Aliandika kazi ya utafiti juu ya ngano na vitendawili vya Kiluguru, na kazi yake ilipopitishwa katika programu inayolinganisha maandiko, programu ikasema kwamba zaidi ya nusu yake ilikwisha kuwamo katika tovuti moja ya ng'ambo, chini ya jina la kubuni. Adhabu ya wizi wa namna hiyo ni kali, na huweza kumfukuzisha mtu chuo. Tulikaa walimu watatu kumsikiliza.

"Binti," nilimwuliza, "maneno haya umeyatoa wapi?"

"Kwa bibi yangu, Mwalimu," alijibu.

"Nakuuliza juu ya yale yaliyomo katika mtandao."

"Na yale pia ni ya bibi yangu."

Mmoja wetu alicheka kidogo. Mimi sikucheka, lakini sikumwamini. Alitueleza kwamba alipokuwa mwaka wa pili alihitaji kitabu cha fasihi simulizi ambacho hakukipata maktaba. Kwamba tovuti ilimtaka alipe kwa kadi naye hakuwa na kadi. Kwamba kitu cha peke yake alichokuwa nacho cha kupakia kilikuwa insha aliyoiandika muhula ule juu ya ngano za bibi yake. Aliipakia, akapata kitabu, akasoma, akasahau. Mwaka wa mwisho aliirefusha insha ile ile kuwa kazi ya utafiti. Tulimtaka alete ushahidi, akaomba siku mbili aende nyumbani.

Siku hizo mbili nilitaka kuisoma ile hati ya mtandaoni mwenyewe, maana hakimu hapaswi kuhukumu kwa ukurasa wa kwanza. Nilipoifungua nilikutana na ukungu ule ule: lipa, au pakia. Kadi ya benki nilikuwa nayo mfukoni, lakini sikupenda kuitumia. Katika kompyuta yangu palikuwa na maandishi ya mwalimu mwenzangu juu ya vitenzi vya Kiswahili, aliyonipa niyasome na kumpa maoni kabla hajayatoa kwa mtu ye yote. Niliyapakia. Mlango ukafunguka. Jambo hili halikuchukua dakika mbili, na katika dakika hizo sikusikia neno lo lote kutoka katika dhamiri yangu. Niliisoma hati ya binti mpaka mwisho, nikainuka kwenda kunywa maji, na nilipokuwa nimeshika kikombe ndipo nilipofahamu nilichokifanya. Nilikuwa nimekaa kumhukumu kijana kwa wizi ambao hakuutenda, na katika kumhukumu nikautenda mimi. Yeye alitoa kitu alichokiandika kwa mkono wake kwa kuwa hakuwa na kitu kingine. Mimi nilitoa amana ya mwenzangu kwa kuwa sikutaka kutoa fedha.

Binti alirudi na daftari lenye tarehe, limeandikwa kwa kalamu, na simu yenye sauti alizozirekodi. Tulisikiliza. Bibi kizee alikuwa akisimulia kwa Kiluguru, kuku wakilia nyuma yake, na mjukuu akicheka mahali pa kuchekesha. Maneno yalikuwa yale yale. Tulimwachilia, tukamwomba radhi. Kwa mwalimu mwenzangu nilikwenda jioni ile ile nikaungama. Alinyamaza kwa muda, kisha tukaandika pamoja barua ya kutaka maandishi yake yaondolewe, nayo yakaondolewa. Alinisamehe; lakini tangu siku hiyo hunipa maandishi yake yakiwa yamechapwa katika karatasi, wala simlaumu.

Likizo ilipofika nilipanda Mgeta pamoja na binti yule kumwona bibi yake, kwa kuwa niliona kwamba radhi yetu haijafika kwake. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akatuandalia viazi. Mjukuu wake alimweleza kwa Kiluguru habari yote: jinsi ngano zake zilivyovuka bahari, na jinsi watu wa mbali wanavyoweza kuzisoma. Bibi alisikiliza kwa makini, akauliza kama yeye naye akitaka kusikia ngano yake humo ndani atalipa. Mjukuu akamjibu kwamba atalipa, au atoe ngano nyingine.

"Ya nani?" akauliza bibi.

Hatukuwa na jibu. Nami nimeliona swali lake kuwa sahihi kuliko yote niliyopata kuyasikia katika jambo hili. Mikutano ya vyuo huuliza kama tovuti ni nzuri au mbaya, kama zipigwe marufuku au ziachwe, kama vijana wamekuwa wavivu kuliko baba zao. Bibi wa Mgeta aliuliza kitu kinachotolewa ni cha nani. Swali hili likijibiwa, mengi ya yale mengine hupungua uzito.

Hebu tulipime kwa maji, kwa kuwa milima ile ni milima ya maji. Mto wa Mgeta huteremka ukaingia katika Ruvu, na maji ya Ruvu huvutwa kwa mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini yakanywewa Dar es Salaam. Mtu wa Dar es Salaam hulipa ankara, na kulipa huko si dhuluma, maana halipii mvua. Analipia bomba, mtambo na kazi ya kusafisha. Kwa kipimo hiki siwezi kusema kwamba tovuti inatenda dhambi kwa kudai fedha. Inayo mitambo yake na watumishi wake, na aliyejenga bomba anastahili ujira. Lakini mkazi wa Mgeta achotaye kijitoni kwake haletewi ankara kwa maji hayo. Na mtu akija akaweka mlango juu ya mfereji wa kijiji, akamwambia kila achotaye alete ndoo ya maji ya jirani yake ndipo afunguliwe, wanakijiji wataona mara moja kwamba huyo hakuleta maji, amepata ndoo. Sisi wenye elimu tumechelewa kuona kwa sababu ndoo yetu haionekani kupungua.

Yamkini msomaji ataniuliza: je, huna huruma na mwanafunzi maskini? Haja yake si udhuru? Nakubali kwamba haja ni udhuru mkubwa. Mwenye njaa akichuma muhindi mmoja shambani kwa jirani hatumwiti mwizi. Lakini akichuma debe zima akalipeleka sokoni ili abadilishe kwa nyama, jina lake limebadilika, hata kama njaa yake ilikuwa ya kweli. Mwanafunzi anayesoma kopi ya kitabu asichoweza kukinunua yuko katika muhindi wake mmoja. Anayepakia maandishi ya mwalimu wake, mtihani wa mwaka jana na kazi za wenzake watano ili afunguliwe milango mitano, huyo yumo sokoni. Na mwakani mdogo wake, aketiye katika darasa lile lile mbele ya mwalimu yule yule, atatakiwa alipe dola ili asome maandishi ya mwalimu huyo. Hapo maskini amemwuza maskini mwenzake.

Wala nisiwaachilie walimu. Kijana huenda kununua mbali kitu kilichofungiwa karibu. Mwalimu anayeyaficha maandishi yake, anayetoa nakala moja ya kitabu kwa darasa la mamia kisha akalaumu darasa kwa kutosoma, amechimba nusu ya shimo ambalo kijana ametumbukia. Yule mnyimi niliyemtaja mwanzo wa insha hii mara nyingine huvaa joho la mahafali. Nilipojitazama nilimwona hata ndani yangu.

Sheria imesema neno lake. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda mtungaji wa Tanzania, na haikusahau hata sanaa za jadi kama ngano za bibi yule. Vyuo navyo vina kanuni zao. Lakini amri peke yake ina historia mbaya katika milima hii. Katika miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwalazimisha Waluguru kuchimba makingamaji ya ngazi ili kuokoa udongo usimomonyoke. Kuokoa udongo kulikuwa kusudi jema. Lakini kazi ilikuwa nzito, udongo usio na rutuba uliletwa juu mahali pengi, na wenye mashamba hawakusikilizwa. Mwaka 1955 watu wakainuka Matombo, damu ikamwagika, na mpango ukaanguka. Jema lililoletwa kwa amri lilichukiwa kana kwamba lilikuwa baya. Nakhofu kwamba chuo kitakachowapiga vijana marufuku bila ya kuwapa kitabu kitavuna mavuno hayo hayo.

Lililo bora ni kufungua ghala yetu wenyewe. Mwezi wa Februari mwaka 2002 wataalamu waliokutana Budapest, Hungaria, walitoa wito kwamba matokeo ya utafiti yasomwe bure na kila mtu katika mtandao, na kwamba haki ibakiyo kwa mtungaji iwe ni kutajwa kwa jina lake na kazi yake isiharibiwe. Wito huu umefika hata kwetu. Chuo Kikuu cha Sokoine na Chuo Kikuu Mzumbe vinazo hazina za mtandaoni ambamo tasnifu na makala husomwa bila ya kadi wala kubadilishana, na kila kazi ina jina la mwandishi na mwaka wake. Hazina hizi zastahili kujazwa kuliko zilivyo sasa, si kwa tasnifu tu, bali hata kwa maandishi ya kufundishia ambayo mwalimu ameridhia kuyatoa, na kwa mitihani ya zamani, ambayo haina sababu ya kuwa siri. Mwalimu aogopaye mtihani wake wa zamani kuonekana na atunge mwingine. Kutoa ni moyo, si utajiri, na mali ya elimu ndiyo rahisi kuliko zote kuitoa, ikiwa ni yako.

Basi nikikusanya niliyoyasema, naona mipaka mitatu. Kwanza, mtu atoe kilicho chake, au alichoruhusiwa na mwenyewe. Pili, jina la aliyetunga lisafiri pamoja na kazi yake po pote iendapo, maana wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari la elimu ni jina. Tatu, alichokitoa kisiwe mlango wa kumfungia mwingine aliyestahili kuingia bure. Mwanafunzi akiishika mipaka hii, anakili, aazime, apakie na apakue. Mimi sitamzuia, nitamsifu. Akiivuka, asijiite mgawaji, kama mimi nisivyoweza kujiita hivyo kwa zile dakika mbili.

Kazi ya binti yule sasa imo katika hazina ya chuo chetu, wazi kwa kila mtu. Chini ya jina lake ameandika jina la bibi yake, na chini ya hilo jina la kijiji. Nakala iliyokuwa ng'ambo aliomba iondolewe. Lakini wenzake wameniambia kwamba siku hizi haazimi daftari lake kwa mtu, hata kwa rafiki. Hasara hii naihesabu kuwa kubwa kuliko zote nilizozitaja, kwa sababu sisi tuliomshuku ndio tuliomfundisha kunyima. Uaminifu ndio udongo ambao kugawana huota juu yake, nao ukimomonyoka hauletwi tena na mvua ya mwaka mmoja.

Nawaomba wanafunzi, na walimu kabla ya wanafunzi, tuliweke swali la bibi wa Mgeta karibu na mikono yetu. Wakati mlango utakapotutaka tutoe hati ndipo tufunguliwe, nasi tuna haraka, na hati iko tayari, na hakuna mtu anayetuona, tujiulize kwanza kama alivyouliza yeye: ya nani?